Barafu Iliyotoka Jasho

Mzee Rajabu alizikwa Jumatano kabla ya adhuhuri, na mimi nilifika nyumbani kwake Buyenzi siku ya Ijumaa, kwa sababu sisi wasomi hatuendi msibani mpaka suti ipigwe pasi na maneno ya pole yapangwe. Waislamu wa Bujumbura hawasubiri suti ya mtu. Nilikuta turubai limefungwa kati ya kuta mbili, mikeka imetandikwa hadi barabarani, kisomo kimekwisha, na wazee wanakunywa chai ya tangawizi huku wakibishana juu ya injini za mashua. Nililetewa kiti cha plastiki, kiti pekee kilichokuwapo, nikaketi juu ya vichwa vya watu kama hakimu asiyekuwa na kesi. Nilidhani hakuna aliyenijua. Nilikuwa nimekuja kumlilia mtu ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini nimemtumia kuchekeshea wageni mezani kwangu. Kila mwalimu wa chuo kikuu ana hadithi moja ambayo huitoa baada ya bia ya pili. Yangu ilikuwa ya mzungu aliyetaka kupanda ukuta wa barafu, na ya mpasua barafu wa bandarini aliyedhani anaijua fizikia kuliko fizikia yenyewe. Niliisimulia vizuri. Hata sauti ya mzee niliiigiza.

Ilikuwa katika mwaka ule wa vikwazo, majirani walipotufungia mipaka ili watawala wetu wapate adabu. Watawala waliendelea kunenepa, na sisi tukajifunza kupika maharage bila mafuta. Jioni milio ya risasi ilishuka kutoka vilimani. Watu waliinua vichwa, wakakadiria umbali, wakarudi kwenye sahani zao. Chuo kilikuwa kimefungwa. Nilikuwa nimemaliza miaka miwili ya uhandisi wa majengo, yaani nilikuwa na ujinga wa kutosha kujiita mhandisi. Nilipanga chumba Rohero, nyuma ya duka la vitambaa, chenye dirisha moja lililotazama ukuta. Humo nilikula bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, mchana, na jioni nilikula bugali na harufu ya ndagala. Juu ya kitanda nilikuwa nimebandika ramani ya mji mmoja wa Ulaya, wenye chuo kikuu na mvua nyingi, na nilikuwa nimekariri majina ya mitaa yake yote. Mtaa wa nyuma ya chumba changu mwenyewe sikujua unaitwaje.

Kazi niliyopata ilikuwa ya ukalimani kwa Musyu Etienne, mkuu wa magari na maghala wa shirika moja la misaada. Alikaa Kinindo, katika nyumba yenye baraza pana, jenereta, na friji mbili, moja ya chakula na moja ya jibini. Nisiseme alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mrefu, mwenye masharubu mekundu, na alisalimia wafanyakazi wote kwa majina, ingawa aliyachanganya. Alikuja Burundi kuokoa watu, lakini moyo wake aliuacha kwenye barafu. Juu ya kochi lake, pale ambapo wenzetu hutundika Bikira Maria, alitundika mashoka mawili mafupi ya kupandia barafu. Kila shoka lilikuwa na mpini wa chuma, na kichwani mdomo mrefu uliopinda kama mdomo wa korongo, na chini ya mdomo meno madogo kama ya msumeno. Mpandaji hushika moja mkono huu na moja mkono ule, akachoma ukuta wa barafu, akaning'inia, akachomoa, akachoma juu zaidi. Maisha yake yote yanakaa kwenye ncha mbili zisizozidi ukubwa wa ukucha. Niliposikia maelezo haya mara ya kwanza niliwaza kwamba kumbe katika nchi zenye amani watu hulazimika kujitengenezea vita wenyewe, tena kwa gharama zao.

Likizo yake ilikuwa karibu. Alikuwa amepanga kukutana na mdogo wake Tanzania, wapande pamoja, wamefungwa kwenye kamba moja, ukuta wa barafu ulio ubavuni mwa Kilimanjaro. Swali lililomnyima usingizi halikuwa watu waliolala chini ya maturubai yake kule mikoani. Lilikuwa midomo. Midomo ya mashoka yale hufunguliwa kwa skrubu na kubadilishwa, na yeye alikuwa na jozi mbili: moja minene, unene wa sarafu mbili zilizopandana, na moja myembamba kama kisu cha jikoni. Kwao alizoea barafu ya maji maji, laini kama sabuni, na huko minene ilimtosha. Lakini barafu ya Kilimanjaro, aliambiwa, ni ya kale, kavu, baridi kupindukia, ngumu na yenye kuvunjika kama kioo. Achukue ipi? Aliniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa mhandisi. Na mimi nilijibu, kwa sababu nilikuwa mhandisi.

Nilimwandikia kurasa tatu. Nilichora mdomo kama boriti iliyoshikwa upande mmoja, nikaweka mishale ya nguvu, nikathibitisha kwa herufi za Kigiriki kwamba chuma kinene hakipindi upesi kama chembamba. Jambo hili mama yeyote aliyewahi kusonga bugali kwa mwiko mwembamba analijua bila Wagiriki. Musyu Etienne alizisoma kurasa zile mara mbili. "Leonidas," akaniambia, "wewe hufai kuoza hapa." Akaahidi kuniandikia barua kwa chuo kile cha kwenye ramani, ambako rafiki yake alikuwa mkuu wa kitivo; barua ingeandikwa atakaporudi kutoka mlimani. Siku hiyo nilitembea kwa miguu kutoka Kinindo hadi Rohero na sikumbuki kama jua liliwaka.

Lakini kabla ya kuamua alitaka kujaribu midomo kwenye barafu ya kweli. Barafu pekee ya kiasi hicho Bujumbura ilitoka kiwanda kidogo cha bandarini, kilichotengeneza vipande vikubwa kama masanduku kwa ajili ya wauza samaki. Mwaka ule mafuta ya mazuti yalikuwa haba na mashine ziliwaka siku mbili kwa juma. Wanawake wa samaki walipanga mabeseni yao tangu alfajiri, wakitukana serikali zote za dunia kwa zamu. Mimi nilipita mbele yao na karatasi yenye muhuri wa shirika, nikaagiza vipande sita kwa ajili ya mchezo. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kunitazama kwa dharau ya haki kuliko wale wanawake.

Aliyepasua barafu hapo alikuwa Mzee Rajabu, mtu mfupi wa kofia nyeupe iliyofuliwa mpaka ikawa ya kijivu, mikono imepauka kwa baridi ya miaka mingi. Binti yake Mwajuma, wa rika langu, aliuza chai na maandazi mlangoni. Nilimkuta mzee akinoa chombo chake, chuma chembamba kilichochongoka, kwa tupa ya mkono, polepole, ingawa hatua tatu tu kutoka hapo palikuwa na jiwe la kunolea la umeme.

"Kwa nini hutumii mashine, mzee?"

"Moto unaua chuma," akajibu bila kuinua macho. "We ndiye enjinia wa muzungu?"

"Ndimi."

"Enjinia wa nini?"

"Wa majengo."

"Majengo gani, bana? Sisi hapa tunaona yanabomoka tu."

Wanawake wa samaki walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Mzee aliburuta kipande kutoka chumba cha baridi, akakiacha juani, akaanza kunywa chai. Nilimwambia nina haraka. Akakigonga kipande kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama mtu anayebisha mlango wa jirani mgonjwa. "Iyi bado inalala. Ukiipiga sasa, itakurukia mu macho. Ngoja itoke jasho." Tukangoja. Barafu ilipoanza kung'aa kwa maji, aliweka ncha ya chuma mahali palipobonyea kidogo, akapiga mara moja, na kipande kikafunguka katikati kama mkate. Moyoni nilisema, hizi ndizo imani za watu wasiosoma. Hata neno "imani" nililisema kwa Kifaransa.

Jumamosi ilipofika, tulifunika vipande vyangu sita kwa maganda ya mpunga na magunia, tukavipakia kwenye gari la shirika, na Mzee Rajabu akapanda nyuma ili asaidie kuvipanga. Kwenye kizuizi askari walichoma magunia kwa mitutu ya bunduki.

"Nini hii?"

"Barafu."

"Ya nini?"

"Ya muzungu kupanda."

"Kupanda kama muhogo?" Wakaitana wote waje waone. Tulikaa pale karibu saa nzima, juani, wakati mkubwa wao akitafutwa ili aamue kama barafu ni silaha. Maji yalidondoka kutoka kwenye gari yakachora mstari mweusi barabarani. Mzee Rajabu aliyatazama, akatikisa kichwa.

Kinindo palikuwa na karamu. Musyu Etienne alikuwa amealika marafiki, wataalamu wa mateso yetu kutoka mashirika mbalimbali, watu waliojua idadi ya wenye njaa katika kila mkoa na waliokuwa wakisukuma zeituni pembeni mwa sahani. Kulikuwa na samaki mukeke wa kukaanga, wali, nyanya zilizokatwa kama maua. Nilisimama karibu na meza, umbali wa mkalimani: karibu kiasi cha kusikia, mbali kiasi cha kutokula. Bibi mmoja alisema kwamba Warundi ni watu wasioonyesha hisia, na mwenzake akakubali, akiniangalia mimi kama ushahidi. Sikuonyesha hisia.

Tulipanga vipande kwenye ukuta wa gereji, viwili viwili, vikawa mnara uliomzidi mtu urefu. Musyu Etienne alitokea amevaa buti zenye meno ya chuma na kaptula. Alianza na midomo minene. Akapiga, mdomo ukazama kwa sauti ya kisu kwenye papai. Akapiga wa pili, akaning'inia, akainua miguu, akaganda ukutani kama mjusi mkubwa mwekundu, na wataalamu wakapiga makofi. Kisha akajaribu myembamba. Nayo ikazama, lakini ilichezacheza kidogo kwenye tundu lake. Akashuka, akanielekezea kidole. "Mhandisi alisema!" Wakaokota vibarafu vilivyoanguka wakavitia kwenye glasi zao. Nilihisi furaha ambayo sijaihisi tena, hata siku ya digrii.

Hapo ndipo Mzee Rajabu, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, aliinuka akanijia. Alizungumza nami kwa sauti ya chini, kwa heshima, asiniaibishe.

"Enjinia, muambie muzungu barafu iyi imekwisha toka jasho. Saa hii hata kijiko kinaingia. Kule kwenye mulima haitatoka jasho, itakuwa inalala siku zote. Aje bandarini, nimutie mu frigo kubwa, apige ile yenye kulala. Ataona."

"Midomo minene ina nguvu zaidi, mzee. Nimepiga hesabu."

"Sikatai. We unaogopa chuma kivunjike. Mi naogopa barafu ipasuke. Kitu kinene kinasukuma barafu, barafu haipendi kusukumwa, inatoka kama sahani. Sasa muzungu atabaki ameshika chuma chake kizima, kizuri, na sahani ya barafu, wanashuka wote." Akanisogelea zaidi. "Achukue nyembamba. Na apigie penye shimo, asipigie penye tumbo. Muambie, mwanangu."

"Anasema nini?" akauliza Musyu Etienne. Watu kama kumi walinigeukia, glasi mkononi.

Nimewahi kusema mbele ya wanafunzi wangu kwamba historia yetu iliharibiwa na watu waliojua ukweli wakanyamaza. Huwa naisema sentensi hiyo vizuri, natua kabla ya neno la mwisho. Kwa hiyo ni vyema niandike hapa nilichojibu.

"Anasema barafu ni nzuri sana, Musyu. Na anaomba maji ya kunywa."

Musyu Etienne aliguswa. Aliingia ndani mwenyewe, akarudi na glasi ya maji yenye vipande vitatu vya barafu, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kwenye semina ya utamaduni. Mzee Rajabu aliitazama glasi. Akanitazama mimi. Alikuwa ameshinda maisha yake kati ya barafu, na sidhani kama kulikuwa na kitu duniani alichokihitaji kidogo kuliko kile. Akanywa yote. "Merci, Musyu," akasema, akatikisa vibarafu vilivyobaki chini ya glasi, akavimwaga kwenye majani.

Kesho yake, Jumapili, niliitwa kukagua orodha za magari, na nikiwa barazani nilimsikia Musyu Etienne ndani akiongea na mdogo wake kwa simu ya satelaiti. Alipiga kelele kama wanavyofanya wote kwenye simu zile. "Minene, nakwambia! Nimejaribu! Ndiyo, nina mhandisi hapa, amefanya hesabu... Hapana, acha hiyo myembamba, lete minene kama yangu." Kisha akacheka kwa kitu alichosema mdogo wake, kicheko cha nyumbani ambacho sikuwahi kumsikia nacho. Niliacha kalamu. Mpaka wakati huo nilikuwa nikifikiria mtu mmoja aliyechagua mwenyewe upuuzi wake. Sasa walikuwa wawili kwenye kamba moja, na wa pili hakuwa amewahi hata kunidharau. Niliinuka, nikafika mlangoni. Musyu Etienne akafunika simu kwa kiganja. "Leonidas? Ah, barua yako, sijasahau. Nikirudi tu." Nikasema asante, Musyu. Nikarudi kwenye orodha, nikahesabu matairi.

Jumatatu alinituma kwenye ofisi za Rohero nikapigishe mihuri hati zake za safari, na nilizunguka na ofisi zile kuanzia asubuhi mpaka saa tisa, kutoka kwa karani aliyelala hadi kwa karani aliyekuwa ametoka kwenda kulala. Nilipomrudishia hati nilimkuta na mikono myekundu iliyopasuka vidole. "Nilipita bandarini," akasema. Nikadhani ni kwa ajili ya shehena. Jumanne akaondoka na ndege ya mashirika.

Majuma matatu nilisubiri habari ya kifo. Nilisubiri kwa bidii, kama mwanafunzi mzuri. Nilipokula ndagala niliona macho yao madogo yakinitazama, nikahamia maharage. Nilitunga utetezi wangu: mzee alisema kwa lafudhi ya bandarini, palikuwa na kelele, na mimi si mtaalamu wa milima. Nilitunga hata barua ya rambirambi kwa familia, kwa Kifaransa kizuri sana, nikairekebisha mara nne, na mara ya nne nilijishangaa nikitafuta neno zuri zaidi la "kuanguka". Mji nao uliendelea kuzika watu wake kila siku bila kuniuliza. Kati ya maiti zote za mwaka ule nilikuwa nimejichagulia wawili wa kuwaogopa, kwa sababu hao ningewaua mimi.

Musyu Etienne alirudi pua imebabuka, midomo imepasuka, anacheka. Walifika juu, yeye na mdogo wake. Nilimshukuru Mungu kwa kiasi cha dakika moja. Dakika ya pili nikaelewa kwamba, basi, hesabu zangu zilikuwa sahihi. Midomo minene ilishika; sikuona hata haja ya kuuliza. Mzee wa watu alikuwa akibwabwaja. Hofu yote ya majuma matatu iligeuka kuwa dharau, kama maziwa yanavyoganda, na dharau hiyo nimeila miaka yote hii. Juma lililofuata nilipewa barua, nikaisoma chini ya ukuta wa ubalozi mmoja. Ilisema mimi ni kijana mwerevu, na kwamba katika mwaka mzima nilitafsiri kila neno kwa uaminifu. Niliondoka nayo. Nilisoma kwa hiyo, nikarudi kwa hiyo, naitwa daktari kwa hiyo.

Hii ndiyo hadithi niliyokuwa nayo mfukoni siku ya Ijumaa, juu ya kiti changu cha plastiki. Joto lilikuwa limezidi, na mtu alikuwa ameleta pande la barafu kutoka kwenye friji ya duka la jirani ili kupoza juisi ya maracuja. Likawekwa kwenye beseni. Mwanamke mtu mzima, kanga kichwani, alitoka ndani na chombo cha kupasulia, akasimama mbele yangu.

"Enjinia," akasema.

Nilimtambua kwa ile sauti ya kuuza maandazi. Nikatoa pole zangu zilizopangwa, akazipokea zote bila kuzisikiliza. Mimi nilikuwa nakitazama alichoshika. Kilikuwa na mpini wa mti uliolainishwa na kiganja, na kwenye mpini ulifungwa kwa waya mdomo wa chuma uliopinda, mwembamba kama kisu cha jikoni, meno chini kama ya msumeno. Ulikuwa umenolewa kwa tupa mara nyingi kiasi kwamba ulibaki nusu ya urefu wake.

"Hicho mmekitoa wapi, Mwajuma?"

"Muzungu wako alimuletea baba. Aliporudi kwenye mulima. Alisema hiki ndicho kilimufikisha, na cha pili anabaki nacho yeye."

Nilimwambia haiwezekani, yeye alipanda na ile minene. Mwajuma akanitazama kama baba yake alivyoitazama ile glasi.

"Minene? Muzungu alikuja Jumatatu ile kulipa barafu, mi niko pale mulangoni. Baba alimutia mu frigo kubwa, akamupa barafu yenye kulala. Alipiga na minene, ikatoka sahani, ikamupiga kifua. Akapiga tena, sahani. Akapiga na nyembamba penye shimo, ikashika. Walikaa mule saa mbili. Mikono yake ilikuwa nyekundu nikamupa chai bure."

"Waliongeaje? Nani aliwatafsiria?"

"Kutafsiri nini?" Wazee wawili waligeuka kusikiliza. "Baba alifanya kazi kwa Mubeleji wa kiwanda miaka kumi na mbili, tangu akiwa kijana. Kifaransa alikuwa anakisikia kuliko we. Tena alikuwa anakucheka, anasema cha enjinia kina chumvi kidogo."

Wazee walicheka. Mimi niliona ile glasi, na vibarafu vitatu, na "Merci, Musyu". Alikuwa amesikia kila neno. Nilimuuliza Mwajuma, kwa sauti ambayo sikuipanga, kama mzungu hakuuliza kuhusu Jumamosi, kuhusu kile baba yake alichonieleza mimi.

"Aliuliza. Alikasirika hasa, uso ukawa kama nyanya. Akasema, siku ile ulimuambia Leonidas nini? Baba akasema, nilimuambia nina kiu. Mambo ya barafu nilikuwa naongea peke yangu, mi muzee."

Mwajuma akaendelea, bila ukali, kama anayesimulia habari za bei ya sukari.

"Muzungu alipoondoka nilimugombeza. Nikamuambia, baba, yule mutoto anatudharau, na we unamufunika? Akasema, Enjinia hana ubaya, ana njaa. Mutu mwenye njaa usimuondolee sahani."

Kuna watu ambao wangelia hapo, na ingefaa, ilikuwa mahali pake. Mimi nilifanya kile ninachojua: nilianza kuipanga habari ile upya kichwani, nikitafuta mahali ambapo ningetokea vizuri kidogo. Sikupata. Kurasa tatu za Kigiriki, barua ya rambirambi yenye marekebisho manne, digrii, kiti hiki. Na chini ya vyote mtu mfupi wa kofia ya kijivu aliyedanganya mara moja, akakaa kimya miaka yote iliyobaki, akipasua barafu kilomita mbili kutoka ofisini kwangu. Sikuwahi hata kupita kumsalimia. Nilikuwa na shughuli, nikimwigiza.

"Basi vunja, Enjinia, watu wana kiu," akasema Mwajuma, akanipa mpini.

Nilishuka kwenye kiti, nikavua koti la suti, nikapiga magoti mbele ya beseni. Nilipiga kwa nguvu, katikati kabisa, pale barafu ilipovimba. Sahani nzima iliruka, ikapita juu ya beseni, ikatua kwenye mkeka kati ya wazee, mmoja akainua miguu kama kijana. Turubai zima likaangua kicheko, hata ndani, kwa wanawake, nilisikia mtu akiuliza ni nini na mwingine akimjibu, "Ni ule Profeseri."

"Iyi bado inalala," akasema Mwajuma. "Ngoja itoke jasho."

Nikangoja. Wazee walirudi kwenye injini zao za mashua. Mtu aliniletea kikombe cha chai hapo hapo chini, nikakinywa, magoti yakiuma. Polepole barafu ikaanza kung'aa, kisha maji yakatiririka ubavuni mwake hadi kwenye beseni. Nikainua ule mdomo mwembamba, halafu nikaushusha bila kupiga.

"Mwajuma," nikasema, "nipigie wapi?"

Akainama, akaweka kidole palipobonyea.